Nyumba Niliyoitangaza Kuwa Mahame

Watu huniuliza mama mwenye mtoto mgongoni anatafuta nini ndani ya nyumba zilizoachwa. Mara nyingi siwajibu, na nikijibu najibu vibaya. Mwanamume akimaliza Jumapili nzima kwenye kibanda cha mpira, hakuna anayemuuliza mtoto wake amekula nini. Mimi nikichungulia nyumba iliyofungwa miaka mingi, hapo ndipo Busia nzima inamwonea uchungu binti yangu. Binti yangu ni mnene. Ananyonya, anakula sima, analala akibebwa. Waachane naye.

Ukweli ni kwamba napenda tu. Nilianza nikiwa kidato cha pili kule Marachi. Nyuma ya shule yetu kulikuwa na nyumba ya mwalimu aliyehama zamani, na siku moja nilipitia dirishani nikitafuta pahali pa kulia, kwa sababu nilikuwa nimeonewa na sikutaka wenzangu waone machozi. Ndani nikakuta mpera umeota katikati ya chumba cha kulala. Ulikuwa umenyooka hadi paani, ukainua bati moja na kutoa kichwa nje, na mapera yake yameiva. Nilisahau kulia. Nilisimama nikautazama ule mti uliokuwa ukiendelea na mambo yake pale ambapo watu walikuwa wakitandika kitanda, nikahisi utulivu ambao sijawahi kuupata kanisani.

Tangu hapo nimeingia nyingi. Maghala ya pamba yaliyofungwa kabla sijazaliwa. Nyumba za makarani wa forodha waliohamishwa wakaacha kalenda ukutani. Nyumba za Budalang'i ambazo maji ya mto yaliwafukuza wenyewe, yakaacha mstari wa matope juu kuliko kichwa changu.

Kazi hii ina adabu yake, na ya kwanza ni kujua kama nyumba imeachwa kweli au mwenyewe ametoka tu. Wengi hutazama kufuli, na kufuli ni mwongo. Kutu ya nje haisemi kitu. Tazama tundu la ufunguo. Likiwa linang'aa, kuna mkono unaolijua. Tazama sisimizi, maana sisimizi hawapangi foleni pasipo makombo. Tazama pale maji ya kuogea yanapotokea chini ya ukuta. Nyasi zikiwa mbichi pale peke yake wakati wa kiangazi, kuna mtu anaoga. Na huku kwetu lazima utazame kaburi. Sisi tunazika nyumbani. Nyumba inaweza kuzama kwenye magugu hadi madirishani, lakini kaburi likiwa limepaliliwa, geuka uende zako. Hiyo familia iko Nairobi au Kampala, na Desemba itashuka na sufuria zake zote.

Tena kuna mpapai. Papai likiiva likaozea mtini kando ya barabara wanayopita watoto wa shule, basi mwenyewe hayuko, ama yuko na anaogopwa sana.

Nikishamaliza kutazama, napiga hodi mara tatu. Hata kama nyumba haina paa, napiga. Sivunji kitu na sichukui kitu. Na kabla sijaingia natuma ujumbe kwenye kundi letu la simu, watu wa Busia na Malaba tunaopenda mambo haya. Unatuma picha ya nyumba, unatuma mahali ilipo, unasema umeonaje, ili sakafu ikikumeza wajue pa kuanzia kuchimba. Wengi mle ni vijana wa kupiga video, na wengi huropoka. Lakini mimi nikisema mahame, ni mahame. Walikuwa wananiita Inspekta, na nisidanganye, nililipenda hilo jina.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka viatu Malaba. Nauza mitumba, na nilikuwa na mteja kule asiyependa kusafiri. Foleni ya matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda ilikuwa imerudi nyuma kama kawaida, trela limegusa trela, moshi, madereva wamelala kwenye vivuli vya magurudumu. Nilikuwa natembea pembeni ya foleni nikitafuta upepo, nikaiona ile nyumba katikati ya matrela mawili.

Nilisimama. Bati lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa. Veranda ndefu ya nguzo nne, saruji ya zamani ile ya kusuguliwa ikang'aa, sasa imefunikwa na vumbi lenye nyayo za ndege peke yake. Lango lilikuwa limezikwa nusu kwenye mchanga uliosukumwa na magurudumu. Na mlango! Mlango wa mbao ya mvule, wa pande mbili, mpana wa kupitisha ng'ombe wawili sambamba, umechongwa miraba ambayo fundi wa leo hana subira nayo.

Nilifanya kazi yangu. Mipapai miwili mbele, mapapai yameoza juu yake. Utando wa buibui kuanzia nguzo hadi nguzo, kwenye kimo cha uso wa mtu. Tundu la kufuli lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu; nyigu mwenyewe alikuwa keshajenga, akazaa, akahama. Sisimizi hakuna. Kaburi sikuliona, nikasema moyoni, hawa walikuwa wapangaji tu, hawakuwahi kuzika hapa. Sikuzunguka nyuma. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa miiba, upande mwingine trela limeegeshwa hadi kwenye kona ya nyumba. Nikaona inatosha. Nani angehitaji zaidi ya hapo?

Nikapiga hodi tatu. Wakati huo huo foleni ikasogea, injini zote zikanguruma kwa pamoja.

Nikatuma picha ya nyumba yote, na mlango peke yake kwa sababu ulinishinda uzuri. Nikatuma mahali ilipo. Nikaandika: “Mahame kabisa. Hakuna mtu. Naingia.”

Dirisha moja la veranda halikuwa na vioo. Nilikaza leso ili mtoto asiyumbe, nikapandisha mguu, nikaingia.

Kwanza sikuona kitu. Nilisikia. Ilikuwa sauti kama ya maji yanayochemka mbali, na hewa ilikuwa inanipita masikioni, mara kushoto, mara kulia, bila kunigusa. Macho yalipozoea giza nikatazama juu.

Dari lote lilikuwa limejengwa. Viota vya mbayuwayu, vya udongo, kimoja kimeshikana na kingine, kutoka pembe hadi pembe, vimening'inia kama vibuyu vidogo vilivyobandikwa chali, na kila kimoja na mdomo wake. Kwenye ile midomo kulikuwa na vichwa. Na katikati ya sebule, chini ya dari na juu ya kichwa changu, ndege walikuwa wanazunguka, mamia, wanaingia kwa dirisha nililoingilia na kutoka kwa lingine, kila mmoja na njia yake, hakuna aliyemgonga mwenzake. Matrela mia yalikuwa nje yameshindwa kupita barabara moja. Hawa walikuwa wanapita chumba kimoja.

Binti yangu alitoa mkono kwenye leso akaunyoosha juu. Ni mtoto wa kelele, anapigia kelele hata kuku, lakini pale alinyamaza mdomo wazi. Nilihisi nimekuwa mdogo, tena mdogo kwa njia nzuri, si ile ya kudharauliwa.

Kisha nikatazama chini.

Sakafuni kulikuwa na magunia. Yametandikwa vizuri, pindo juu ya pindo, kupokea mavi ya ndege. Mengine yalikuwa na tabaka nene. Mawili karibu na mlango wa ndani yalikuwa safi, yametandikwa jana au leo.

“Karibu nimesema tangu saa ile,” sauti ikasema. “Masikio uliyaacha wapi?”

Alikuwa mama mzee, mfupi, amevaa gambuti na sweta ya shule ya mtu mwingine, amesimama kwenye mlango wa ndani na gunia mkononi.

“Yoga,” nikasema, kwa sababu nilimwona ni Mteso na hiyo ndiyo salamu yao ninayoijua, halafu Kiluhya changu kikanitoka chenyewe. “Kukhu, nisamehe. Nilidhani hapana mtu.”

“Kukhu,” akarudia, akacheka. “Sasa nimekuwa bibi wa Waluhya. Na huyo wa mgongoni naye alidhani hapana mtu? Leta nimuone. Huyu ni mzito! Unambebaje kwa madirisha?”

Akatupitisha kwa ule mlango wa ndani, kisha kwa ukumbi mfupi, tukatoka upande wa nyuma.

Nilitaka ardhi inimeze. Uwanja umefagiliwa ukaachwa na mistari ya ufagio. Kuku na vifaranga. Moshi kwenye jiko la nje. Muhogo umeanikwa juu ya mkeka, na mstari wa sisimizi ukienda kwenye muhogo kana kwamba umetumwa kunionyesha. Chini ya ukuta wa bafu nyasi mbichi. Na kaburi la saruji, limepaliliwa, limepandwa maua ya njano pande zote nne. Njia nyembamba iling'aa kwa kukanyagwa, ikishuka katikati ya mafunjo hadi mtoni. Ng'ambo ya mto ilikuwa Uganda, na kuna mwanamke alikuwa analima.

“Yule ni dada yangu,” mama mzee akasema. “Kanisa langu liko huko. Shamba letu liko huko. Huku ninalala tu.”

Akanieleza huku akinimiminia uji. Zamani nyumba ilikuwa inatazama barabara, na barabara ilikuwa kitu cha kutazamwa. Halafu matrela yakaanza kulala mlangoni kwake. Madereva wakikojolea nguzo zake. Vumbi likiingia kwenye chakula, na mapapai yakinuka dizeli hata ukiyamenya. Siku moja alifunga ule mlango mkubwa kwa nje, akazunguka kwa nyuma, akahamishia jiko nyuma, kuku nyuma, kila kitu. Mume wake alipokufa akamzika nyuma, ili asilale kwenye honi. Ndege walipoanza kuingia sebuleni akawaacha.

“Niliwaambia, ninyi chukueni mbele, mimi nichukue nyuma. Mavi yao naweka kwa sukumawiki. Umeona sukuma yangu?”

Niliiona. Majani kama masikio ya ndovu.

Hapo simu yangu ikalia. Halafu tena. Halafu ikawa inalia bila kupumua.

Nikafungua. “Inspekta, huo mlango ni mvule?” Mwingine: “Huo ni wa kuvusha leo leo.” Kisha yule tunayejua sote kazi yake ni kununua mbao kuukuu bila kuuliza zimetoka wapi: “Tuko Malaba na mkokoteni. Tunakuja sasa.”

Nilipiga simu yake. Haikushikwa. Nikapiga tena. Nilimtukana ikilia, nikajitukana mimi, nikayatukana matrela. Lakini hasira haifuti picha iliyokwisha kuonwa. Ikabidi nimwambie.

“Kukhu, kuna watu wanakuja kung'oa mlango wako. Mimi ndiye nimewaambia nyumba haina mtu.”

Akaweka kikombe chini polepole. “Kwa hivyo umetangaza nimekufa.”

“Hapana! Nimetangaza umehama.”

“Nihamie wapi na magoti haya?”

Nilirekodi ujumbe wa sauti pale pale: nimekosea, nyumba ina mwenyewe, mama mzee yuko, asije mtu. Majibu yakaja haraka kuliko nilivyotaka. Vicheko. “Inspekta ameona jini.” “Inspekta amepata mnunuzi, anatufungia.” Ndipo nikaelewa niliyoyafanya. Neno langu la kwanza lilikuwa na nguvu kwa sababu ni langu. La pili halikuwa na nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Nani angeamini kwamba mimi naweza kukosea? Na leo ukiondoka mlango, kesho yangekuwa madirisha, kesho kutwa mabati, na ndege wote wale na yule mama mzee wangekuwa nje.

Tukasikia chuma kikigonga saruji upande wa mbele.

Nilikimbia hadi sebuleni na mtoto kiunoni, nikatoa kichwa dirishani. Walikuwa wawili. Mkokoteni umeegeshwa kwenye mchanga wa lango, na yule mnunuzi wa mbao, mtu mnene, alikuwa na mtaimbo, ameshaupachika kwenye bawaba.

“Toa hicho chuma!” nikapiga kelele. “Husikii simu?”

“Ah, Inspekta mwenyewe,” akasema, hata hakugeuka. “Dada, usijali, fungu lako lipo.”

“Fungu la nini? Nyumba ina mwenyewe!”

“Si wewe umesema mahame kabisa? Kabisa umeandika wewe.”

“Nilikosea.”

Mwenzake, mwembamba, akacheka. “Wewe? Wewe uliyewakatalia wenzako ghala la Busia kwa sababu ya paka mmoja? Leo ndiyo umekosea, leo kuna mvule?”

“Nakuapia kwa huyu mtoto, kuna mama mzee ndani.”

“Basi atoke tumuone. Sisi si wezi, boss. Tukimuona tunaenda.”

Nilikuwa na maneno tayari, na hayakuwa ya kanisani. Lakini nyuma yangu nikasikia gambuti zikiburuzika juu ya magunia. Mama mzee alikuja hadi kwenye mlango, akaweka kiganja juu ya mbao kwa ndani, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

“Nitoke wapi? Mlango nimefunga kwa nje miaka yote hii, na dirishani siwezi kupanda kama huyu. Si mna chuma? Fungueni basi.”

Nilimwona yule mnene akimtazama mwenzake.

“Shikamoo, mama,” akasema, akiuambia ubao.

“Fungua kwanza, salamu baadaye.”

Akafungua. Kufuli lilivunjika kama biskuti, udongo wa nyigu ukamwagika. Lakini mbao ilikuwa imevimba, imekumbatiana na fremu yake. Wao wakasukuma kwa nje. Mimi nikamketisha mtoto kwenye gunia safi, nikavuta kwa ndani, na mama mzee akavuta pindo la gauni langu, sijui alidhani anasaidia nini. Yule mwembamba alipachika mtaimbo chini, akahesabu moja, mbili. Mlango ukalia kwa muda mrefu, ukaachia.

Mwanga uliingia wote kwa mara moja. Na ndege wakatoka.

Sijui niuelezeje mlio huo. Walitoka wote, kutoka kila kiota, wakapita kati yetu na juu yetu, upepo wa mabawa yao ukanipeperushia leso, wakamwagika juu ya veranda na juu ya mapapai na juu ya foleni. Yule mnene alikaa chini kwenye saruji, akaukumbatia mtaimbo wake kifuani. Madereva waliokuwa wamelala chini ya trela wakatoka mmoja mmoja. Mwingine akapanda juu ya mzigo wake ili aone vizuri. Mmoja alizima injini, halafu wa nyuma yake, halafu wa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Malaba siku hiyo nikasikia mto.

Mama mzee akatoka hadi ukingoni mwa veranda yake. Aliweka mkono juu ya macho akaitazama foleni yote, mwanzo hadi mwisho.

“Kumbe bado mko?” akawauliza.

“Bado, mama,” dereva mmoja akajibu, akivua kofia. “Tunangoja makaratasi.”

“Na mnajua kuna mtu anakaa hapa?”

Hawakujua. Ilionekana kwenye nyuso zao. Walikuwa wamelala mlangoni kwake miaka na miaka, na hakuna aliyejua. Sasa walikuwa wanajua, foleni nzima, na wale wawili wa mkokoteni, na simu kadhaa zilizokuwa zimeinuliwa juu zikipiga picha. Mwembamba alimwinua mwenzake kwa kwapa. Hawakunitazama. Walizika mkokoteni mchangani mara mbili kabla haujatoka.

Ndege walizunguka mara tatu juu ya matrela, kisha wakaanza kurudi. Walipitia mlangoni sasa, kwa sababu ulikuwa mpana, wakampita mama mzee kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe, na yeye hakuinamisha kichwa. Nyuma yake, juu ya gunia, binti yangu alikuwa ameketi na mikono yote miwili hewani, na hakuna hata mmoja aliyemgusa.

Nilikuwa na matusi ya kutosha foleni nzima. Niliyatafuta mdomoni, sikuyapata.